Msaidizi Yule Yule, Matokeo Tofauti: Kisa cha Bihar na Uttarakhand

Kati ya 2008 na 2010, vijana wa kujitolea katika majimbo mawili ya kaskazini mwa India walifundishwa namna ya kuwasaidia watoto wa shule za msingi za serikali kusoma na kuandika. Aliyewafundisha alikuwa mmoja: Pratham, shirika lisilo la kiserikali ambalo wakati huo lilikuwa na kampeni ya kusoma iitwayo Read India. Mbinu ilikuwa moja, na vifaa vilitoka kwa shirika hilo hilo. Walimu wa shule hizo nao walipitishwa kwenye mafunzo. Mwishoni watoto wakapimwa. Wa Bihar walikuwa wamesogea. Wa Uttarakhand walikuwa pale pale. Ukiwaweka bega kwa bega na wenzao wa shule ambazo mradi haukuzigusa, huoni tofauti.

Visa vya mafanikio vimejaa kwenye ripoti, na vingi vinachosha kwa sababu kila kitu kilikwenda sawa na hujui kipi hasa kilichosaidia. Hiki ni tofauti. Kitu kimoja kilifanya kazi upande huu na kikagoma upande ule, kwa hiyo tunaweza kuuliza kilichobadilika ni nini. Anayeandaa mafunzo ya wasaidizi wa darasa kwa kawaida huulizwa: siku ngapi, mada zipi, posho kiasi gani, nani atafungua semina. Jibu la kisa hiki haliko kwenye lolote kati ya hayo.

Turudi nyuma kidogo, hadi Mumbai. Pratham ilianzia huko katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa UNICEF. Miongoni mwa walioianzisha ni Madhav Chavan, mtu wa kemia, na Farida Lambay, mtu wa ustawi wa jamii. Walianza na madarasa ya awali kwenye mitaa ya mabanda, kisha wakakumbana na tatizo ambalo mzazi yeyote wa Afrika Mashariki analijua: watoto wamo shuleni, wamefika darasa la tatu na la nne, na kusoma hawajui. Likazaliwa wazo la balsakhi, yaani rafiki wa mtoto. Balsakhi alikuwa binti wa mtaa huo huo, aliyemaliza sekondari, asiye na cheti cha ualimu, akilipwa kati ya rupia 500 na 750 kwa mwezi, sawa na dola 10 hadi 15 za wakati huo. Alifundishwa kwa wiki mbili mwanzoni mwa mwaka, kisha akaendelea kunolewa shule zikiwa wazi. Kila siku, kwa saa mbili, aliwatoa darasani watoto 15 hadi 20 waliobaki nyuma na kukaa nao popote palipopatikana: chumba kitupu, uwanjani, hata koridoni.

Watafiti Abhijit Banerjee, Esther Duflo, Shawn Cole na Leigh Linden waliupima mpango huo Mumbai na Vadodara, na matokeo yakachapishwa 2007. (Banerjee na Duflo ndio waliotunukiwa Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Michael Kremer.) Mwaka wa pili alama za lugha na hisabati katika shule zenye balsakhi zilikuwa zimepanda kwa 0.28 ya mkengeuko sanifu, kipimo ambacho wanatakwimu hukitumia kulinganisha mitihani isiyofanana. Kwa elimu ya msingi hicho si kiasi kidogo, hasa ukizingatia kwamba gharama ilikuwa kama dola 2.25 kwa mtoto kwa mwaka. Waliofaidika zaidi ni wale wa mkiani kabisa. Mwaka mmoja baada ya mpango kwisha faida ilikuwa imeshuka hadi kama 0.10, jambo ambalo wapenzi wa mpango huu hupenda kulipita harakaharaka.

Ila namba inayonigusa ni nyingine. Balsakhi alipoondoka na watoto wake, mwalimu mwenye cheti alibaki na darasa dogo zaidi kwa saa mbili kila siku. Watoto waliobaki naye hawakupata faida yoyote inayopimika. Faida yote ilikwenda kwa waliotoka na yule binti wa mtaani. Kwa hiyo kupungua kwa idadi darasani hakukuwa dawa, na wala cheti hakikuwa dawa. Dawa ilikuwa kile kilichofanyika koridoni.

Na kilichofanyika koridoni kinaelezeka kwa urahisi, ingawa ukikiona mara ya kwanza unaweza kudhani ni michezo tu. Msaidizi huanza kwa kukaa na mtoto mmoja mmoja, karatasi moja mkononi. Karatasi ina herufi, maneno mafupi, aya ya kiwango cha darasa la kwanza na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto huanzishwa kwenye aya. Akiimudu hupewa hadithi; akikwama hushushwa kwenye maneno, na akikwama tena, kwenye herufi. Dakika chache zinatosha. Hakuna alama ya asilimia wala nafasi darasani. Kuna jina la mtoto na kiwango chake: huyu yuko herufi, huyu maneno, huyu aya. Kisha watoto hupangwa kwa kiwango hicho, si kwa darasa. Wa darasa la tano anaweza kukaa mkeka mmoja na wa darasa la tatu, na hapo msaidizi anahitaji busara ya kumfanya yule mkubwa asijione amedhalilishwa.

Baada ya hapo mbinu hufuata mwendo wa kusema, kutenda, kusoma na kuandika, vyote ndani ya kipindi kimoja. Pratham waliuita kwa kifupisho kinachotamkwa kamaal, neno la Kihindi lenye maana ya jambo la ajabu. Lina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa kamili yetu. Msaidizi husoma hadithi fupi kwa sauti akipitisha kidole chini ya maneno. Watoto nao hupitisha vidole vyao. Wanaizungumzia. Wanaokota maneno yake na kuyacheza: neno lipi linaanza kama jina lako, ukibadilisha silabi hii unapata nini. Chaki inaingia kazini, na sakafu inakuwa ubao. Kisha kila mtoto anaandika anachoweza: mmoja sentensi tatu, mwingine neno moja lenye makosa mawili. Msaidizi hachukui penseli ya mtoto. Hiyo ni kanuni ndogo kuitamka na ngumu mno kuifuata, kama anavyojua yeyote aliyewahi kumsimamia mtoto akijaribu kuandika jina lake huku chai inapoa.

Kuna chati moja inayofaa kuelezwa kwa msomaji wa Kiswahili. Sisi tuna ba be bi bo bu. Mtoto akishaielewa, kilichobaki ni kuhamia kwenye konsonanti nyingine, kisha kupambana na mb, ng' na wenzao. Mwandiko wa Devanagari, ambao Kihindi huandikwa nao, pia ni wa silabi, ila alama za irabu hupachikwa juu, chini, kulia au kushoto mwa konsonanti. Irabu i fupi ndiyo yenye vituko: huandikwa kushoto, kabla ya konsonanti, lakini hutamkwa baada yake. Chati inayopanga konsonanti zote na irabu zao huitwa barakhadi, jina linalotokana na kumi na mbili, kwa sababu kila konsonanti ina sura kumi na mbili hivi. Wasaidizi wa Pratham huisoma pamoja na watoto kila siku, kwa mdundo, dakika chache tu, kisha wanairudisha ukutani. Sisi tulikuwa tukiimba ba be bi bo bu kipindi kizima mpaka sauti zinakauka, halafu kesho yake tena. Tofauti ni kwamba chati ya Pratham inatumika kumsaidia mtoto afike kwenye hadithi iliyo mbele yake siku hiyo hiyo.

Haya yote yanaweza kufundishwa kwa siku chache kwa mtu aliyemaliza sekondari. Ndilo lililowapa Pratham ujasiri wa kutoka mijini na kwenda vijijini, ambako hawangeweza kumlipa balsakhi katika kila kijiji. Mwaka 2005, katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh, waliwafundisha vijana wa kujitolea katika vijiji 65 waendeshe madarasa ya kusoma baada ya saa za shule, bila malipo. Watoto waliokuwa hawajui hata herufi moja na wakahudhuria, walitambua herufi mwisho wa mwaka kwa wingi usiolinganishika na wenzao wa vijiji vingine. Kasoro ilikuwa moja: ni watoto 8 tu kati ya kila 100 waliohudhuria, na hata miongoni mwa wasiojua kusoma idadi haikupanda sana. Waliohitaji zaidi walikuwa nyumbani, au mashambani, au walishachoka.

Kwa hiyo hoja iliyofuata ilikuwa ya kimantiki kabisa. Mbinu inafaa na msaidizi anafaa, lakini watoto hawaji. Watoto wako wapi? Shuleni. Basi msaidizi apelekwe shuleni.

Hapo ndipo Bihar na Uttarakhand zinapoingia. Jaribio liligawa shule makundi. Kuna zilizopewa vifaa peke yake. Kuna zilizopewa vifaa na mafunzo kwa walimu. Kuna zilizopewa vyote hivyo pamoja na wasaidizi wa kujitolea. Bihar iliongezewa kitu kimoja cha pembeni, ambacho awali hakikuonekana kikubwa: kambi ya mwezi mmoja katika likizo ya Juni 2008, ikiendeshwa na walimu wenyewe wa serikali, waliolipwa na serikali kwa kazi hiyo ya ziada, wakisaidiwa na vijana wa kujitolea.

Vifaa peke yake havikufanya lolote. Vifaa na mafunzo ya walimu navyo havikufanya lolote, si Bihar wala Uttarakhand. Waangalizi waliopita madarasani Bihar waliona vitabu vya Pratham vikitumika, lakini watoto walikuwa wamekaa kwa madarasa yao kama zamani. Kuwapanga kwa kiwango, ambako ndiko kiini cha mbinu, kulikuwa nadra sana. Mwalimu alikuwa amepokea kitabu na kuiacha mbinu mlangoni.

Penye wasaidizi ndipo njia zilipoachana. Bihar, wasaidizi walifanya kazi nje ya saa za masomo. Tofauti na Jaunpur, safari hii shule ilikuwa nyuma yao: walimu waliwatambua watoto wenye shida na kuwaelekeza kwa msaidizi. Watoto walikuja, mbinu ikatumika, na kusoma kukapanda, si kwa kishindo, lakini kwa kiasi kinachopimika. Uttarakhand, wasaidizi waliwekwa ndani ya shule, ndani ya saa za shule, na shule ikawameza. Wakapewa madarasa ya kushika, wakafuata kitabu cha kiada kilichofuatwa na mwalimu, kwa mpangilio ule ule wa mwalimu. Aliyekuja na kadi za herufi na barakhadi akageuka mwalimu wa ziada, asiye na mshahara wala cheti, akifundisha somo lile lile kwa watoto wale wale wasiolielewa.

Nimeona sura ya jambo hili nikiwa karibu kuliko India. Katika shule moja niliyoizoea, msichana mmoja aliyemaliza kidato cha nne alikuja kujitolea, akiwa na moyo na akiwa amehudhuria semina ya kusaidia KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Wiki ya kwanza alikaa chini ya mwembe na watoto tisa wa darasa la pili. Wiki ya tatu alikuwa ameshika darasa zima kwa sababu mwalimu wake yuko kwenye kikao. Kabla ya muhula kwisha kazi yake ilikuwa kukusanya madaftari, kupiga mistari ya mahudhurio na kusimamia zamu ya usafi. Hakuna aliyemkosea adabu. Kila mtu alimpenda, na hapo ndipo tatizo lilipokaa. Mtu anayependwa na asiye na kipindi chake kwenye ratiba hukosa sababu ya kukataa akitumwa.

Ni rahisi sasa kumlaumu mwalimu wa Uttarakhand, na nadhani tutakuwa tunamwonea. Shule nyingi za msingi vijijini India zina walimu wachache kuliko madarasa, na mwalimu mmoja kufundisha madarasa mawili katika chumba kimoja ni jambo la kawaida. Mkaguzi anapokuja huuliza silabasi imefika wapi. Sheria ya Haki ya Elimu ya 2009, iliyoanza kutumika Aprili 2010, imeandika wazi kwamba mwalimu anatakiwa kuumaliza mtaala ndani ya muda uliopangwa, na kwamba mtoto aliyeingia shule akiwa amechelewa awekwe darasa linalolingana na umri wake. Jaribu kuvaa viatu vya mwalimu huyo. Una madarasa mawili na kitabu cha kumaliza. Unaletewa kijana mwenye afya anayejua kusoma. Utamwacha akacheze na kadi za herufi na watoto kumi na wawili, au utampa darasa la kwanza ili upumue? Mimi ningempa darasa la kwanza.

Mtu anaweza kusema labda vijana wa Uttarakhand walikuwa wazembe, au mafunzo yao yalilipuliwa. Kinachonizuia kukubali hilo ni ile kambi ya Juni. Walimu wa serikali wa Bihar, walio katika jimbo ambalo mafunzo na vifaa havikubadilisha chochote darasani, walipoingia kwenye kambi ya likizo waliitumia mbinu, na mwezi mmoja uliacha alama kwenye usomaji wa watoto. Kichwa cha mwalimu hakikuwa kimebadilika kati ya Mei na Juni. Kilichobadilika ni kwamba Juni hakukuwa na silabasi wala mkaguzi, na watoto waliokuja walikuja kwa kazi moja tu. Ikiwa mwalimu mwenye cheti alihitaji saa iliyotengwa ndipo aitumie mbinu, iweje tumtegemee kijana wa kujitolea aitumie katikati ya saa za watu wengine?

Uingereza, ambako wasaidizi wa darasa ni waajiriwa na wapo kwa maelfu, walikuta kitu kinachofanana na hiki. Peter Blatchford na wenzake wa Institute of Education, London, walifuatilia kazi ya wasaidizi kwa miaka kadhaa kuanzia 2003, na walichochapisha 2009 kiliwakera wengi: mtoto aliyepewa msaada mwingi zaidi wa msaidizi ndiye aliyepiga hatua ndogo zaidi, hata baada ya kuzingatia kwamba alianza akiwa nyuma. Wasaidizi waliingia darasani bila kuzungumza na mwalimu kuhusu somo, wakajikuta wanahakikisha kazi imeisha badala ya kuhakikisha mtoto amejifunza. Mtoto akisita, jibu linatoka kwa mtu mzima. Mazingira ni mengine kabisa, mishahara ni mingine, lakini ndani yake kuna kosa lile lile la kumweka msaidizi karibu na mtoto bila kumwambia saa hii ni ya nini.

Pratham hawakukata tamaa na shule, na hilo ni muhimu, kwa sababu kisa kikiishia Uttarakhand mtu atahitimisha kwamba msaidizi akae nje ya geti. Mwaka 2012/13, katika jaribio lililohusisha shule 400 za jimbo la Haryana, walirudi kwa walimu wa serikali, wakiwa na sharti jipya: saa moja ya ziada kila siku ikatengwa kwa ajili ya kazi hii tu, watoto wakapangwa kwa kiwango, na kitabu cha darasa kikabaki kwenye begi. Jambo la pili walilofanya ndilo ninalolipenda zaidi. Maofisa wa elimu wa ngazi ya chini, wale ambao wangekuja kusimamia, walifundishwa kwa siku chache kisha wakapelekwa shuleni kufundisha watoto wenyewe kwa siku 15 hadi 20, wakishika kadi kwa mikono yao, kabla ya kupewa kazi ya kuwakagua wengine. Usomaji wa Kihindi ulipanda kwa 0.15 ya mkengeuko sanifu, kipimo kile kile cha balsakhi. Fikiria mratibu wa elimu wa kata akikaa kwenye mkeka siku kumi na tano mfululizo na watoto wasiojua herufi. Akija kukagua baadaye hatauliza andalio la somo kwanza.

Kisha Uttar Pradesh, 2013/14, ambako walimu walikuwa wagumu zaidi kushikika. Huko Pratham waliweka kambi fupi ndani ya shule, wakati wa saa za shule: siku kumi au ishirini mfululizo, zikirudiwa hadi jumla ya siku 50 hivi katika mwaka. Waliokuwa mbele ni wafanyakazi wa Pratham, na waliowasaidia ni vijana wa kujitolea wa kijiji. Watoto wa darasa la tatu hadi la tano walipangwa kwa kiwango, masomo yao ya kawaida yakasimama kwa saa hizo za kambi. Ongezeko lilikuwa kati ya 0.6 na 0.7. Ukikumbuka 0.28 ya balsakhi, utaona ukubwa wake.

Uttar Pradesh ndiyo inayokamilisha kisa. Msaidizi alikuwa ndani ya geti, tena ndani ya saa za shule, kama Uttarakhand. Tofauti ni kwamba kwa siku hizo kumi hakuna mtu aliyeweza kumtuma kukusanya madaftari, kwa sababu darasa la tatu hadi la tano wote walikuwa wanafanya kitu kimoja naye, na aliyemwongoza alikuwa mtu anayeijua mbinu kwa mikono yake. Saa ilikuwa imefungiwa. Kama balsakhi koridoni, kama kambi ya Juni, kama saa ya Haryana. Uttarakhand saa ilikuwa wazi, na saa iliyo wazi shuleni hujazwa na lolote lenye haraka kuliko mtoto asiyejua kusoma. Na shuleni kila kitu kina haraka kuliko yeye: hapigi kelele, hana mkaguzi wake.

Kisa hiki kina undugu na sisi. Ile karatasi ya herufi, maneno, aya na hadithi ndiyo Pratham waliyoitumia tangu 2005 kupima watoto nyumba kwa nyumba, katika tathmini yao iitwayo ASER, na ndiyo iliyozaa Uwezo, tathmini ya namna hiyo hiyo ya Kenya, Tanzania na Uganda, kuanzia 2009. Wengi wetu tunaikumbuka Uwezo kwa vichwa vya habari vya kuumiza. Kilichovuka bahari ya Hindi kwanza, kwa maneno mengine, ni kipimo. Mkeka na msaidizi vilichelewa meli. Kenya vimeanza kufika: Zizi Afrique, shirika lililojengwa na watu waliotoka kwenye kazi hiyo hiyo ya kupima, limeendesha vipindi vya kuharakisha usomaji katika kaunti kama Turkana na Tana River, likitumia walimu pamoja na wasaidizi kutoka jamii, kwa siku zilizohesabiwa na saa zilizotengwa.

Ningepewa leo kuandaa mafunzo ya wasaidizi katika wilaya yoyote ya Tanzania, bado ningefundisha yale yale: kupima mtoto mmoja mmoja, kupanga kwa kiwango, kusoma kwa kidole, kutoichukua penseli. Ningepunguza siku za ukumbini na kuongeza siku za mkekani, kila mwanafunzi wa semina akiwa na watoto halisi mbele yake kuanzia siku ya pili. Ningepanga bajeti nikijua kwamba balsakhi wa wastani alidumu mwaka mmoja hivi kisha akaolewa, akaajiriwa au akahama, kwa hiyo mafunzo ni ya kila mwaka. Na walimu wakuu na waratibu wa kata ningewaita mapema kuliko wasaidizi wenyewe, wakae mkekani kama wale wa Haryana, hata kama itakuwa siku tano badala ya kumi na tano.

Lakini kabla ya kukodi ukumbi ningeandika barua. Ingesema kwamba msaidizi fulani atakuwa na watoto hawa, majina yao haya hapa, kila siku kuanzia saa nne kamili hadi saa tano na nusu, mahali hapa. Kwamba katika muda huo hatashika darasa, hatasahihisha madaftari na hatatumwa. Na kwamba mwalimu wa darasa atakaa naye kila Ijumaa dakika kumi na tano kuangalia nani amehama kutoka maneno kwenda aya. Chini pangekuwa na nafasi ya sahihi ya mwalimu mkuu. Asiyeweza kuisaini anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa, pengine ana walimu watatu na madarasa saba. Basi shule hiyo tungeiwekea kambi ya likizo, na kijana wake asingepelekwa darasani kwanza.